Bibi Arusi Asiyehudhuria Ndoa Yake

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya ukalimani niliaibishwa kabla ya adhuhuri. Ilikuwa katika mahakama ya Pangani, miaka michache baada ya Uhuru, wakati hakimu wetu alipokuwa mgeni asiyejua Kiswahili na kumbukumbu za mashauri zikiandikwa kwa Kiingereza. Shahidi wa kwanza alikuwa mkwezi wa minazi kutoka Ushongo. Aliulizwa kama alimwona mshitakiwa akiichukua baiskeli, akajibu, "Hayo wanayajua wenyewe." Nami, kwa pupa ya ujana, nikamwambia hakimu kwamba shahidi amesema hapana.

Wakati wa mapumziko Karani Mkuu aliniita pembeni.

"Kijana, yule mzee amesema hapana?"

"Hakusema, bwana, lakini ndivyo alivyokusudia."

"Kusudio lake umelisoma wapi, kwenye kipara chake? Wewe umeajiriwa ulimi. Akili tuachie sisi."

Ndipo nikafunzwa kanuni. Mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza: shahidi akisema "niliona", naye husema "niliona", wala si "anasema aliona". Haongezi neno, hapunguzi, halainishi. Hazungumzi na shahidi jambo ambalo hatalitafsiri. Kanuni hizo nilizishika Pangani, nikazishika Korogwe nilikohamishiwa kwa sababu nilikijua Kishambaa, na nikaja nazo Tanga mjini chini ya Hakimu Mkazi mmoja aliyependa kusema kwamba mkalimani bora ni yule ambaye shauri likiisha hakuna anayeikumbuka sauti yake.

Kisha ikaja miaka ya dhiki, sabuni ikawa ya foleni na sukari ya kujuana. Vijana wenye ufundi wakaondoka, wengi wao kwa njia ya meli. Ilipofuata enzi ya ruksa, maduka yalijaa tena, lakini watumishi wa serikali tukapunguzwa, nami nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Aliyenipokea alikuwa balozi wa heshima wa nchi moja ya Ulaya, yaani mfanyabiashara wa mjini aliyepewa dhamana ya kuiwakilisha nchi ile bila kuwa mwanadiplomasia. Mara mbili kwa mwaka Afisa wa Viza alikuja kutoka Dar es Salaam, akakaa katika chumba cha ghorofani kwa balozi huyo, akawahoji wake waliotaka kuwafuata waume zao.

Mahojiano yale yalikuwa na shabaha moja: kujua kama ndoa ni ya kweli au ni ya karatasi tu. Mume alikwisha kuhojiwa kule aliko, na maelezo yake yamo jaladani. Mke huulizwa mambo yale yale, majibu yakalinganishwa. Aliyekataliwa mara mbili jalada lake lilifungwa, wala hapakuwa na pa kukata rufaa.

Zuwena alikuja akiwa amekwisha kukataliwa mara moja, huko Dar es Salaam. Alikuwa binti wa Kipemba aliyezaliwa Mabawa, mtaa wa hapa Tanga, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu hivi, na mumewe alikuwa fundi wa injini za meli aliyeondoka mwezi wa tatu baada ya ndoa. Alinipa mkono, akasema shikamoo kwa sauti isiyosikika. Mama yake ndiye aliyekuwa na sauti.

"Bwana Mwalimu," alinambia pale ngazini, maana mjini kila ajuaye Kiingereza aliitwa mwalimu, "huyu mtoto haya zimemjaa hadi masikioni. Akisema moja, wewe msemee kumi."

"Siruhusiwi, Mama."

"Siruhusiwi! Basi akikosa safari, nitamleta kwako na godoro lake, umlishe wewe."

Zuwena alicheka kidogo, kisha uso ukarudi kukaza. Mama akabaki chini, sisi tukapanda.

Afisa alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu na aliyechoka. Maswali ya mwanzo yalipita salama: jina la mume, jina la mama mkwe, nyumba waliyokaa. Kisha akafungua ukurasa wa maelezo ya mume.

"Mumeo ameeleza kwamba ndoa ilifungwa msikitini, Mabawa, mbele ya watu wengi. Wewe ulikaa wapi?"

"Sikuwepo," akasema Zuwena.

Nikatafsiri. Kalamu ya Afisa ikasimama.

"Hukuwepo katika ndoa yako mwenyewe?"

"Sikuwepo. Msikiti ule sijapata kuuingia."

Msomaji wa pwani hatashangaa. Kwetu ndoa hufungwa baina ya mume na walii wa mke, yaani baba yake au ndugu anayemwoza, naye bibi arusi yuko nyumbani, ndani, na wanawake wenziwe. Lakini mtu aliyelelewa katika nchi ambamo mke na mume husimama pamoja mbele ya mfungishaji atasikia nini katika neno "sikuwepo"? Nililitafsiri kwa usahihi kamili, na kwa usahihi ule ule nikaona linavyomzamisha.

"Ni nani aliyekuuliza kama unataka kuolewa?"

"Baba, na mashahidi wawili. Walisimama nyuma ya pazia."

"Ukajibu nini?"

"Nilinyamaza."

"Walikuuliza mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na mara zote tatu ulinyamaza?"

"Mara zote," akasema, na hapo aliinua kidevu kidogo, kama msichana anayejua kwamba alilelewa vyema. Mwanamwali akinyamaza mbele ya walii wake, kunyamaza kule ndiyo idhini. Wanaopayuka "ndiyo" husemwa mtaa mzima. Afisa hakujua hayo. Nilikwisha kuzoea kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini, nikaona ameandika: hakuhudhuria, hakukubali. Akapiga mstari chini ya maneno yale, akaanza kufunika kalamu yake.

Nikasema, "Mkalimani anaomba ruhusa ya kusema kwa nafsi yake."

Hakunitazama. "Hapa huna nafsi yako. Unalijua hilo kuliko mimi."

Nililijua. Nilijua pia kwamba nikiinuka kwa hasira, mahojiano yamevunjika na jalada limefungwa. Zuwena alitutazama kwa zamu. Hakuelewa tulichosemezana, ila alielewa kwamba kinamhusu.

"Mwalimu, nimekosea wapi?" akauliza.

Hilo nalo nilipaswa kulitafsiri, nikalitafsiri: "Mwalimu, nimekosea wapi?" Kisha nikaongeza la kwangu, la kwanza katika maisha yangu ya kazi: "Bwana Afisa, naomba umuulize swali moja tu. Muulize alijuaje kwamba amekwisha kuolewa."

Nilidhani ataniamuru nitoke. Akaifunua kalamu.

"Ulijuaje kwamba umekwisha kuolewa?"

Zuwena alizisahau haya zake. Akamgeukia yeye, si mimi.

"Nilisikia vigelegele vinatoka barazani, vikaja ukumbini, vikafika mlangoni. Somo yangu, aliyenifunda, akanifunika kanga. Mlango ukafunguliwa, bwana akaingia kunipa mkono. Mkono wenyewe wa baridi! Nikachungulia chini ya kanga, nikaona kucha zina oili. Siku ya ndoa yake, na oili! Nikacheka. Somo akanifinya paja, nikazidi kucheka."

Nilitafsiri yote, hata kufinywa. Afisa alirudi nyuma kurasa tatu, akasoma kwa kidole.

"Mumeo anasema ulimcheka," alisema polepole. "Anasema alidhani umemkataa."

Nikamtafsiria. Zuwena akaziba mdomo kwa buibui.

"Alidhani hivyo? Miezi mitatu tumekaa naye, hajanambia!"

Kisha machozi yakamtoka. Afisa akasubiri, akauliza juu ya pazia, juu ya walii, juu ya kunyamaza, naye akaeleza kila kitu kwa kirefu. Mimi nikarudi kuwa ulimi. Muhuri wa kukubaliwa uligongwa mbele yetu.

Zuwena alipotoka, Afisa alifunga jalada akanambia bila ukali, "Leo umeniongoza. Sikukosea kukusikiliza, lakini siwezi kukaa na mkalimani anayeongoza mahojiano. Msimu ujao tutatafuta mwingine." Nilimwambia kwamba katika nafasi yake ningesema vivyo hivyo, na nilimaanisha. Msimu uliofuata tarishi wa balozi, aliyekuwa akiniletea wito wa kazi, alipita mbele ya nyumba yangu, Makorora, akaniamkia, akaendelea na safari yake.

Vijana wanaosomea kazi hii huniuliza kama najuta. Kosa lilikuwa langu, ila halikuwa pale wanapodhani. Nilijua tangu ngazini kwamba binti yule ataulizwa habari za ndoa, na nilijua ndoa zetu zilivyo. Ilinipasa kumwomba Afisa dakika tano kabla ya swali la kwanza, nimweleze jinsi watu wa hapa wanavyooana, wakati ambapo maelezo yangu yasingekuwa ya kumwokoa mtu yeyote. Kanuni hazikatazi hilo. Baada ya swali kuulizwa, kila neno analoongeza mkalimani ni wizi. Mimi nilichelewa, nikalipa kwa kazi yangu. Ningechelewa dakika moja zaidi, angelipa binti yule.