Kitenge Kilichorudi

Kila ninapomimina javeli, dawa ya kung'arisha nguo, kwenye beseni, harufu yake hunirudisha hospitalini, kwenye chumba kilichojaa askari waliovaa vitenge vya wanawake.

Mama alikuwa daktari pale. Vita vilipofika mjini, aliagiza kila majeruhi avuliwe magwanda mlangoni, wa jeshi hili na wa jeshi lile, kisha afungwe kitenge kilichotolewa na wamama wa mtaa wetu wa Kilibula. Siku hiyo nilimpelekea bugali. Nikaangalia vitanda, nisielewe kitu.

"Mama, bale betu ni bale wapi?"

"Hapa iko bagonjwa tu," alijibu, akiendelea kufunga bandeji.

Askari aliyekuwa akifungwa alivaa kitenge cha mama mwenyewe, kile chenye ndege wa njano. Alikuwa akimwita "mama", kama mimi. Sikujua nimwogope au nimwonee wivu.

Baadaye kitenge kilirudi nyumbani, kimelowa damu. Mama alikiloweka kwenye javeli mpaka ndege wakapauka.

Nilifurahi. "Yule muntu amepona?"

Mama alinipa ncha moja ya kitenge, akashika nyingine, tukaanza kukikamua.