Jicho Lililotuchungulia Ruiru

Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika, Ruiru yote ilinuka maganda yaliyochacha. Harufu ile ilitoka mashambani, ikavuka reli, ikaingia katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga na kulala nasi, kali kama uji uliosahauliwa sufuriani. Nikiisikia hata leo narudi miaka ya tisini, nikiwa msichana wa darasa la saba, nimeketi mkekani chumbani kwa kina Wafula, mkononi nimeshika dadu lenye pande ishirini.

Dadu hilo lilikuja na mchezo. Shangazi yake Wafula alikuwa akimfulia nguo mwalimu mmoja mgeni kule Thika, na mwalimu huyo aliporudi kwao alimwachia vitu alivyoshindwa kubeba: mapazia, sufuria, na sanduku la karatasi ngumu lenye madadu na kitabu cha kanuni. Wafula, aliyekuwa kidato cha kwanza, alikisoma kitabu kile likizo nzima kabla ya kutuita, mimi na Amina. Akatueleza kwamba yeye atasimulia, nasi tutakuwa watu ndani ya hadithi. Tukitaka kuruka mto au kumdanganya askari, tunasema, tunarusha dadu, na dadu linaamua. Mimi nikawa mpiga upinde. Amina, ambaye baba yake aliuza vitambaa soko la Thika na waliishi mlango wa pili kutoka kwetu, akawa mchawi, kwa kuwa Wafula hakupata neno jingine la Kiswahili la mtu anayewasha moto kwa maneno matupu. Neno hilo ndilo lililotuletea balaa.

Adui yetu alikuwa malkia aliyekaa katika ngome mlimani. Kila tulipopanga kumwendea, askari wake walikuwa wameshatangulia. Tukipita msituni, wapo. Tukibadilisha njia tushike bonde, wapo. Nilimwambia Wafula anatuonea, naye akatabasamu tu. Aliyeshtuka ni Amina.

“Anatuona,” alisema. “Aki, kuna jicho hapa.”

Ndipo Wafula akafungua kitabu na kutusomea. Malkia alitazama katika bakuli la maji, na popote alipotazama, jicho lisiloonekana lilielea hewani, likiona na kusikia. Mtu mwerevu aliweza kulihisi, lakini ilibidi aulize mwenyewe, kwa maana msimulizi hakuruhusiwa kumdokezea. Amina akarusha dadu alitafute jicho, na dadu likamkatalia. Hakukubali kushindwa. Akatangaza kwa sauti kwamba kesho tutavuka daraja. Kesho ya hadithi ilipofika, akasema hatuvuki, tunajificha kichakani tutazame. Askari wakaja darajani, kikosi kizima, wakangoja watu wasiofika. Tulicheka hadi mama yangu akagonga ukuta.

Siku hizohizo uvumi wa ibada za shetani mashuleni ulikuwa umeenea kila mahali, na wazazi waliogopa kitu chochote wasichokijua. Jumapili moja Mzee Gathogo, mwenye ploti yetu na mzee wa kanisa, alisimama mbele akawaombea watoto wa ploti “wanaojifunza uchawi, wanaomtumikia malkia wa bakuli la maji.” Nilikuwa kwenye benchi, kando ya mama. Kesho yake alimwendea baba yake Wafula, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, akamwambia achome sanduku lile au ahame.

Tulikutana tena tukiwa na hofu, mlango umefungwa. Maneno ya bakuli la maji yalikuwa hayajatoka nje ya chumba kile. Nani alimpelekea mzee? Amina aliinua uso akatazama juu. Vyumba vyetu havikuwa na dari, na ukuta uliishia chini kidogo ya mabati, hivyo sauti ilipita juu yake ikaangukia upande wa pili. Upande wa pili aliishi Mama Shiku, wa kikundi cha maombi cha mzee. Amina alisimama, akakohoa, kisha akatangaza kama mtu anayesoma habari redioni:

“Jumamosi asubuhi, Thika, kwenye maporomoko! Mchawi atakunywa maji ya malkia!”

Jumamosi ilipofika tulitandika mkeka uani, chini ya kamba za nguo, mbele ya kina mama waliokuwa wakifua. Pikapu ya mzee haikuwepo, na mlango wa Mama Shiku ulikuwa na kufuli. Tulicheza hadi jua likawa la utosi. Pikapu ikaingia. Mzee akashuka, na nyuma wakashuka Mama Shiku na wanawake wawili, viatu vimejaa matope, vitambaa vya kichwa vimeloa. Wakatukuta tumeketi.

Nilisimama. “Shikamoo mzee. Habari ya Thika?”

“Nyambura!” mama alinionya.

“Mama, tulisema Thika mara moja tu, ndani, mlango umefungwa. Nauliza tu nani alimwambia.”

Macho ya uani yote yakamgeukia Mama Shiku, naye akainama kufuta viatu.

“Mtoto hamhoji mtu mzima,” mzee alisema. “Leteni hilo sanduku.”

Amina akalifunga, akalikalia. “Sitoki.”

Mama akaja, mikono ina povu. Nilijua ni kofi. Badala yake alijifuta kwa leso, akaokota kitabu, akakipekua kurasa kadhaa.

“Mzee, mimi hapa naona watoto wanafanya hesabu,” alisema. “Na anayetega sikio chumbani kwa wenzake, huyo naye tutamwombea lini?”

Kicheko kilianzia kwenye beseni moja kikaenea uani.

Mzee hakutusamehe. Familia ya Wafula iliambiwa itoke. Baba yake, mtu mpole wa Bungoma ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alikataa kulichoma sanduku. Alihamia Mwiki mchana kweupe, nalo likiwa juu kabisa ya mkokoteni, juu ya magodoro, kila mtu alione. Nasi tulimfuata Wafula huko kila tuliporuhusiwa, na ni huko Mwiki tulikomshinda malkia.

Sasa ninaishi mtaa wa Theta, ndani ya geti, nyumba zote rangi moja. Wakati ule msikilizaji kama Mama Shiku alilazimika kusimama kwenye kigoda na kuchoka miguu. Siku hizi kamera ya getini haichoki, na majirani wanaiita usalama. Mwezi uliopita mkutano wetu ulipendekeza bawabu awe anaripoti vijana gani wanaingia nyumba gani, maana “watoto wa siku hizi hawajulikani wanafanya nini.” Nilisimama nikasema watoto wangu wana mama, na mama huyo anajua kubisha hodi. Walipiga kura. Nilishindwa, peke yangu dhidi ya wote. Jioni ile rafiki zake binti yangu walipofika, bawabu alipiga simu kuuliza majina yao. Nilimwambia aandike jina langu, mara nyingi kadiri anavyotaka, kisha nikashuka mwenyewe kuwafungulia geti.