Kapteni Arko Mbele ya Mzee Laurenti

Bigwa nzima hakuna aliyempenda Kapteni Arko kama Mzee Laurenti, na hakuna aliyemsema vibaya kumzidi. Kila Jumapili, akishatoka misani na kula, aliteremka na fimbo yake kutoka mashamba ya mlimani hadi mgahawa wa Chausiku, penye chai ya tangawizi na televisheni kubwa. Saa tisa alasiri tamthilia inaanza, chombo cha Kapteni kinapasua anga, na Kapteni mwenyewe amesimama mbele, nywele hazitikisiki, anaongea Kiswahili safi cha watu waliomwekea sauti.

"Mwangalieni," Laurenti alikuwa akisema. "Miaka minne namtazama, kazi yake kunyoosha kidole. Twendeni kule! Basi, kachoka."

Wenzake Kapteni ndio aliowahesabu kuwa watu. Guba, mpishi mwenye mikono minne, alimkera kidogo, kwa sababu mikono yote ile na bado anapika sufuria moja. Piku, roboti mwoga, alimheshimu sana. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Lakini aliyempenda kwa moyo wote ni Neva, fundi wa chombo, binti wa dada yake Kapteni. Injini ikizimika, Neva. Maadui wakivamia, Neva. Kapteni akipigwa, jambo linalomtokea kila mwezi, anayemshona ni Neva.

Walioandika tamthilia ile sidhani kama waliwahi kusikia habari za Waluguru, ambao mali ya ukoo huipitisha upande wa mama, kutoka kwa mjomba hadi kwa mpwa, lakini Laurenti hakuona kitu kigeni ndani yake. Chombo Kapteni aliachiwa na mama yake. Basi chombo ni cha ukoo. Kapteni ni mjomba, Neva ni mpwa, na siku mjomba akichoka, mpwa anashika usukani. Hilo lilihitaji maelezo gani?

Sasa, mzee huyu alikuwa na lake la siri. Shamba la chemchemi aliachiwa na mama yake, kwa ajili ya ukoo, na kwa mila lilikuwa liende kwa Janeth, mtoto wa marehemu dada yake. Janeth ndiye aliyelichimbia matuta ya ngazi kwa miaka minane, akapanda kabichi na stroberi mpaka wenye hoteli za mjini wakawa wanampigia simu wenyewe. Lakini Oscar, mtoto wa kumzaa Laurenti, anayeuza makava ya simu Dar es Salaam, alilitaka ajenge nyumba ya wageni. Laurenti akakubali. Damu ni nzito, na Oscar alijua kubembeleza. Mambo yalikuwa yatangazwe kwenye kikao cha ukoo Jumapili inayofuata. Kila siku mzee alipanga kumwambia Janeth kesho.

Siri hiyo aliijua kila mtu, kwa kuwa Laurenti alikubali kwa simu, mgahawani, kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba Dar ni mbali na lazima upige kelele.

Wiki moja kabla ya kikao, Jumapili, Janeth alikuja mgahawani kuleta ndoo ya stroberi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kaa, Kapteni leo anastaafu."

Janeth akakaa. Kapteni Arko akawakusanya wenzake, akatoa hotuba ndefu, kisha mlango ukafunguka akaingia kijana mmoja, Raiko, mtoto wa Kapteni, ambaye sehemu iliyopita alitapika chombo kilipopaa. Kapteni akamkabidhi usukani. Neva, mikono imejaa grisi, akaambulia kupigwapigwa begani.

Laurenti aliruka, chai ikamwagika.

"Mwizi! Hicho chombo ni cha mama yake! Mpwa amekaa na injini miaka minne, halafu unampa huyu mtapikaji kwa sababu umemzaa? Huyu ni mjomba au ni jambazi? Ukoo wake uko wapi umkamate?"

Wateja wengine walitazama vikombe vyao. Janeth aliangalia televisheni tu, hakupepesa macho.

Chausiku akafuta meza polepole. "Mzee wangu," alisema, "mkuki kwa nguruwe."

Methali hiyo ina nusu ya pili, kwamba kwa binadamu ni mchungu, lakini hakuna aliyehitaji kuimalizia. Laurenti akakaa. Akajaribu, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, kumtetea Kapteni.

"Ila naye ni mzazi," alinong'ona. "Mzazi ana moyo."

Akamgeukia mpwa wake.

"Ulijua?"

"Tangu siku ulipopiga simu, mjomba."

"Na ukaendelea kupalilia?"

"Magugu hayasubiri kikao."

Aibu ilimshika Laurenti mpaka masikio yakamwaka moto. Akatoa simu, akampigia Oscar palepale, na kama kawaida akabonyeza kitufe cha spika bila kujua.

"Oscar, shamba silitoi."

"Baba! Si uliniahidi?"

"Niliahidi kisicho changu. Wewe una wajomba zako Mkuyuni, kwa ukoo wa mama yako. Nenda kawaombe. Mila ndiyo hiyo."

Sauti ya Oscar ikajaa mgahawa mzima. "Baba, nimesikia mjomba wa Mkuyuni ameshampa mtoto wake shamba la ukoo. Ndiyo maana nikaja kwako."

Laurenti alifumba macho. Hasira yote aliyokuwa nayo kwa Kapteni ilihamia Mkuyuni, halafu ikarudi kwake mwenyewe, maana wiki moja tu zaidi na angekuwa mtu yuleyule.

"Basi Jumamosi tunakwenda wote," alisema. "Nitamwambia usoni. Nitamwambia nilikaribia kufanya ujinga kama wake."

Janeth alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nitawafungia stroberi," alisema. "Ugenini hamwendi mikono mitupu, hata kama ni kugombana."

Kwenye simu Oscar alikohoa. Akauliza, kwa sauti ya chini sasa, kama anaweza kupitia Bigwa kwanza, kwa sababu hakuijua njia ya kwenda kwa wajomba zake.