Mukewenza wa Kambo

Shida yangu ilianza mwaka ule baba alipata konji, likizo yake ya kwanza kwenye kazi ya shaba. Nilikuwa na miaka saba. Mpaka leo, nikisikia harufu ya samaki wa moshi, miguu yangu inakumbuka muchanga wa ziwa Moero.

Tulitoka muji wa Elisabethville kutembelea bazazi ya mama. Siku zile zilikuwa tamu. Baba alilala muchangani mpaka jua linapanda, hakuna king'ora cha kumuamusha. Mimi nilioga ziwani mpaka vidole vinakunjamana. Kambo mwanamuke, ni kusema mama ya mama yangu, aliniita mukewenza. Kwetu mujukuu mwanamuke ni kama muke wa kambo mwanaume, basi yeye na kambo mwanamuke banagombanaga kwa kucheka.

Siku ya mwisho, tukikula bukari, ugali wa kwetu, kambo mwanamuke akaniambia: "Mukewenza, mwiko ni wako sasa. Utabakia, umupikie huyu muzee. Mimi nimechoka naye."

Kambo mwanaume akajibu: "Afazali! Wewe unaunguzaga bukari kila siku."

Bote bakacheka. Mimi nilicheka kuliko bote. Mama peke yake alikuwa anaangalia sahani.

Asubuhi niliamuka, kamyo, lori ile ilituleta, ilikuwa imekwenda na baba na mama. Kambo mwanamuke akanikumbatia, safari hii bila muchezo: "Mama yako amenipa wewe, nisizeeke na nyumba tupu."

Baba na mama sikubaona tena.

Leo niko na nyumba ya matofali Katuba, mutaa wa muji ule tulitoka zamani, meza mbili sokoni, mashini ya kushona na batoto sita. Bote sita bamekulia ndani ya nyumba yangu; sikumupa mutu hata mumoja.