Kilo Hamsini na Tatu

Nilikwenda Kigoma kumchukua mtu ambaye nyumbani kwetu jina lake halikuwa likitajwa. Mtu huyo ni Baba mkubwa Kassimu, kaka wa marehemu baba yangu. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshakufa kwa presha ya macho, na daktari wa kule alisema la kushoto litafuata lisipofanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Miadi ilikuwa Alhamisi. Binti yake, dada Mwajuma, alinipigia simu Jumatatu nikiwa darasani.

"Mzee amekataa ndege katakata," aliniambia. "Na treni haiwahi Alhamisi. Njoo wewe mwalimu, labda atakusikia."

Inafaa niseme mapema kwa nini safari hii ilinikaa vibaya. Baba mkubwa alikuwa mpima abiria katika uwanja wa ndege wa Kigoma, enzi zile ndege iliyokuja ilikuwa ndogo ya watu kumi na wawili, na kila abiria alipanda mzani na begi lake mkononi. Uzito ukizidi, mtu alibaki. Babu yangu mzaa mama alipofariki Muheza, mazishi yalisogezwa hadi kesho yake ili mama awahi. Mama alikuwa muuguzi Kigoma, ameolewa Ujiji. Alifika uwanjani, akapimwa na shemeji yake mwenyewe, na shemeji yake mwenyewe akamwambia hapandi. Alisafiri kwa treni, akafika siku ya nne, akakuta udongo wa kaburi umekauka. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Tangu hapo mama hakumwamkia tena, na baba alipofariki tulihamia Magomeni, likawa limekwisha hivyo.

Sasa nyumba ya kumpokea mgonjwa ilikuwa hiyohiyo ya Magomeni, kwa mama.

Jumanne alfajiri, Magomeni. Mama alinifungia chapati mbili. "Mlete, kitanda kipo," alisema bila kunitazama. Nilipofika mlangoni akaniita tena. "Mwulize kitu kimoja tu. Zilikuwa nyingi kweli zile kilo zangu?"

Saa nne na nusu asubuhi tulikuwa juu ya Kigoma. Ndege za siku hizi ni kubwa, abiria sabini na zaidi, na mtu anapewa juisi na karanga. Ziwa lilijitokeza upande wangu, na ng'ambo yake milima ya Kongo imekaa kimya kama ilivyokaa nilipokuwa mtoto. Tulitua kwenye lami laini. Nilishuka nikiwa nimejiandaa kugombana.

Nyumba ya Baba mkubwa iko Ujiji, karibu na michikichi, mwendo wa bodaboda kutoka uwanjani. Nilimkuta barazani amevaa kanzu na koti jeusi juu yake, uso ameuelekeza barabarani ingawa hakuwa akiona zaidi ya vivuli.

"Shikamoo Baba mkubwa."

"Marahaba. Zuhura? Umekuja na ile ya saa nne na nusu. Imechelewa dakika kumi."

Dada Mwajuma alicheka. "Ndiyo kazi yake. Hata akiwa anakula, ikipita anaacha kijiko."

Nilidhani tutaingia kwenye mambo ya hospitali, lakini yeye alitaka kwanza kujua ndege yenyewe: mapanga ya injini mangapi, ilitua mara moja au iliruka kidogo ikatua tena. Nikamjibu kwa ufupi. Hapo akaanza kunisimulia ndege zake, na nikamwacha kwa sababu sikuwa na pa kuanzia.

Ya kwanza aliyoikuta, alisema, ilikuwa ya shirika la taifa, mabawa yake yako juu ya madirisha. Uwanja ulikuwa wa changarawe, na kabla haijatua mtu mmoja alipanda baiskeli kwenda kufukuza mbuzi. Ikawa inakuja, ikawa haiji, mwisho watu wakasahau siku zake. Zikabaki ndege za misheni zenye injini moja. Kisha wakimbizi walipovuka kwa maelfu, yakaja madege meupe ya misaada, yanafunguka nyuma, yanamwaga magunia ya unga, na vumbi likawa linaingia hadi jikoni. Wakimbizi walipopungua na ndege zikapungua. Ndipo ikaja kampuni moja ya mtu binafsi, ambayo siku hizi haipo tena, na ile ndege yake ya watu kumi na wawili.

"Mzani tuliupata Kalinzi," alisema. "Ulikuwa wa magunia ya kahawa. Mtu anasimama pale ulipokaa mfuko wa buni. Weye hujawahi kuona vituko! Mtu ameshona dagaa ndani ya koti. Mama kavaa vitenge vinne. Mwingine anainua kisigino, eti apungue."

"Na mama yangu?" nikauliza. "Naye aliinua kisigino?"

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Dada Mwajuma akanyanyuka, akasema twende Kibirizi tukanunue dagaa kabla jua halijawa kali. Ilikuwa njia yake ya kunitoa pale, na nilimshukuru.

Mchana, Kibirizi. Dagaa walikuwa wameanikwa wakang'aa, wapagazi wanapita na magunia kichwani wakipiga kelele tuwapishe. Mama mmoja muuza dagaa, Mha wa makamo mwenye sauti nzito, alimsalimu Mwajuma, "Mwakeye," kisha akaniuliza mimi ni nani. Alipoambiwa, akaacha kupima.

"Wa kwa Mzee Kilo! Yule alinishusha na ndoo yangu ya mawese, nikalia mbele ya watu. Namwambia Mzee, nina harusi ya mwanangu Dodoma. Ananitazama tu." Akashika tena kopo lake. "Ati kweli haoni tena? Pole yake. Roho yake ilikuwa ngumu, lakini pole yake."

Akaongeza kopo moja juu ya tulichonunua. "Hilo la mgonjwa," alisema.

Tulirudi na dagaa, na mimi nikiwa na aibu ya kusikia ukali wangu ndani ya mdomo wa mtu mwingine.

Alasiri, Ujiji tena. Baba mkubwa alikuwa amemaliza kuswali. Nilikaa kwenye mkeka karibu na miguu yake na nikamwambia sina siku ya kupoteza: ndege ni kesho saa tano, upasuaji ni keshokutwa, na akikosa, jicho linakwenda.

"Najua."

"Sasa unaogopa nini? Umeishi na ndege maisha yako yote."

"Sijapanda hata moja."

Sikuwa nikijua hilo. Nadhani hata Mwajuma hakuwa amelifikiria, kwa jinsi alivyoacha kuchambua mchele.

"Nimewashusha watu wangapi?" alisema. "Mimi nikipanda, nani amenipima? Wananiambia siku hizi hawapimi mtu, wanapima begi tu, mtu wanamkadiria. Watakukadiriaje hawakujui?"

Hapo nikampa swali la mama kama lilivyo. Nilimwambia mama anauliza kama kilo zake zilikuwa nyingi kweli.

Alijibu papo hapo. "Hamsini na tatu. Begi kilo tisa. Mama yako hakuzidi kitu. Iliyozidi ni ndege nzima, na yeye ndiye jina la mwisho."

"Si ungeandika pungufu? Kilo chache tu kwa kila mtu, nani angejua?"

"Nilishaandika."

Alivuta koti lake kama mtu anayehisi baridi, na jua lilikuwa kali. Akatueleza jambo ambalo hata mkewe hakuambiwa. Mwaka mmoja kabla ya msiba wa mama, walikuja watu wa familia moja wanaowahi mazishi Tabora. Walikuwa wanene, na wanalia. Akawahurumia. Kila mmoja akampunguzia kilo kwenye karatasi, wote wakapanda. Ilikuwa saa nane mchana, joto, changarawe imelowa mvua ya asubuhi. Ndege ilikimbia, ikakimbia, ikapita mahali inapoachaga ardhi. Akaona mkia unashuka nyuma ya shamba la mihogo lililokuwa mwisho wa uwanja. Akasubiri moshi.

"Ikainuka," alisema. "Jioni nikaenda kule kwa miguu. Mihogo imelala mistari miwili, imekatwa na magurudumu. Rubani aliporudi wiki iliyofuata akanipiga begani, anacheka, eti Mzee, siku ile mzani wako ulikuwa umelala. Yeye alicheka. Mimi toka siku hiyo sijaandika kilo ambayo sikuiona."

"Kwa nini hukumwambia mama?"

"Ningemwambia nini? Kwamba wafiwa wa watu niliwapunguzia, yeye wa kwetu nikamnyima? Na ningemshusha mwingine mahali pake, ningekuwa nimempendelea ndugu." Akapangusa jicho lililokufa, ambalo nalo hutoa machozi. "Watu wakasema nina roho mbaya. Nikawaacha waseme. Nilikuwa na woga, Zuhura. Woga tu."

Nililia, sitaficha. Nilikuwa nimembebea mtu huyu kinyongo cha kurithi, sijawahi hata kukiuliza kimetoka wapi. Nilipotulia nikamwambia, "Kesho nitaomba upimwe. Wakikataa, turudi nyumbani." Aliipapasa fimbo yake, akaisimamisha. "Basi tutakwenda tukaone," alisema.

Jumatano, saa tatu asubuhi, uwanjani. Mwajuma alimmwagia baba yake marashi kidogo, wakaagana bila maneno mengi. Foleni ilikuwa ya watu wa maofisi, wafanyabiashara wenye maboksi ya samaki aina ya migebuka, na masista wawili. Zamu yetu ilipofika, binti wa kaunta aliweka begi letu kwenye mzani, akatukabidhi karatasi zetu, akasema, "Anayefuata."

"Mwanangu, bado mimi," Baba mkubwa alisema.

"Babu, hatupimi watu siku hizi."

Nikamweleza kwa haraka kwamba alikuwa mpima abiria hapahapa na hatapanda asipopimwa. Nyuma yetu kijana mmoja akasema, "Dada, tunachelewa, huyu mzee vipi?" Sista mmoja akamgeukia, naye akanyamaza. Binti alitutazama, akatazama saa, akaliondoa begi.

"Haya Babu. Njoo upande hapa, nikushike mkono."

Alivua viatu. Akatoa mfukoni tasbihi, kitambaa na kifurushi cha dagaa alichosema ni cha mama, halafu akabadilisha mawazo, akavirudisha vyote mfukoni, akavaa na viatu. "Vinasafiri navyo," alisema. Alipanda, akasimama wima, mikono pembeni, visigino chini.

"Sitini, Babu. Tayari."

"Sitini kamili?"

Binti aliinama tena kusoma. Nilimwona akiona haya. "Sitini na moja na nusu."

"Andika hivyo."

Hakukuwa na mahali pa kuandika jambo kama hilo. Basi binti akachukua karatasi ya Baba mkubwa ya kupandia, akaigeuza, akaandika nyuma 61.5, na chini yake akaweka saini yake kwa kalamu ya bluu. Baba mkubwa aliipapasa kwa kidole, akaikunja, akaiweka mfuko wa kifuani. Tukapanda.

Ndege ilipoanza kukimbia alinishika mkono akawa anahesabu kwa midomo. Hakufika mbali. Magurudumu yaliachana na lami, akashusha pumzi.

"Imeacha mapema," alisema. "Ina nguvu hii. Tazama chini, mihogo ipo?"

Nilitazama. "Hakuna shamba, Baba. Ni nyumba tu, mabati."

"Watu wamejenga," alisema, akaniachia mkono.

Saa tisa alasiri, Dar es Salaam. Mama alikuwa ameniambia hatakuja kutupokea, miguu inamuuma. Tulipotoka nilimwona amesimama mbele ya wapokeaji wote, amevaa kanga mpya. Alimtazama shemeji yake akija anapapasa sakafu kwa fimbo, akamwendea, akamshika kiwiko.

"Shemeji. Umekonda."

"Sitini na moja na nusu," alijibu. "Nimepimwa."

Kwenye teksi mama alikaa naye nyuma. Tulikwama Buguruni katika foleni ya magari, na mama akauliza mwenyewe swali alilonituma. Akajibiwa kama nilivyojibiwa mimi, hamsini na tatu, begi tisa. Kisha Baba mkubwa akamwambia habari ya wafiwa wa Tabora na mihogo iliyolala, yote, hakujipunguzia. Mimi nilitazama mbele. Nilichojifunza katika safari hii nilikuwa nimeshakijua tangu Ujiji: kwamba mtu anaweza kukaa miaka mingi akichukiwa kwa kufanya kazi yake vizuri, na sisi tunaomchukia tusimwulize hata mara moja. Lakini mama alikuwa na swali jingine, ambalo mimi sikulifikiria.

"Ile ndege niliyobaki, ilifika?"

"Ilifika. Wote kumi na mmoja."

Mama aligeuza uso dirishani.

"Basi na mimi niliifikisha kwa kubaki," alisema, akampa Baba mkubwa ncha ya kanga yake afute jicho.