Awino Aliyatetea Mafunjo ya Dunga, Nanyi Mkamletea Mafunjo Kaburini

Siamini bado. Picha za harusi yangu hazijatoka kwa photographer, na best maid wangu tumemzika Jumamosi, kwao Bondo.

Awino. Nyar Bondo, binti wa Bondo, ndivyo tulivyomwita. Rafiki yangu tangu Form One, tulipogawana deski, sabuni na siri zote za mapenzi.

Nyinyi mnaoandika kwenye comments kwamba baridi ya kinamasi alikofanyia kazi ndiyo imemuua, tafadhali nyamazeni. Awino alizaliwa na sickle cell. Aliishi nayo akicheka, na safari hii ikamshinda. Kinamasi hakikumuua mtu. Chenyewe ndicho kinachouawa.

Kazi yake wengi hamkuielewa. Alipima hatari inayokabili sehemu kama kile kinamasi cha Dunga kando ya ziwa, penye mafunjo tunayosukia mikeka. Anaingia na mtumbwi asubuhi, anatokea saluni kwangu na matope hadi magotini, eti, "Nisuke haraka, nina meeting!"

Siku moja nikamwuliza, "Lakini Awino, mafunjo si yamejaa tu pale? Hatari gani?"

Akamshika mteja wangu kichwa, bila hata ruhusa, akaonyesha pale mbele nywele zilipoanza kukimbia.

"Huyu dada ana nywele?"

"Anazo nyingi."

"Na hapa mbele?"

Mteja akaruka. "Wee, niachie kichwa changu! Nimekuja kusukwa, sikuja kufanyiwa research!"

Saluni nzima ilicheka. Lakini siku hiyo nilielewa. Hutazami tu zilizobaki. Unauliza zilianzia wapi, zinarudi nyuma haraka namna gani, na nini kinazivuta. Mafunjo ukiyakata ya mkeka, yanaota tena. Yakichomwa, pakalimwa, kisha lori likamwaga udongo juu, hayarudi. Na samaki kamongo anayezaa humo aende wapi? Maji machafu ya mji yachujwe na nani?

Halafu harusi yangu! Nilitaka maua ya zambarau yafanane na tai ya mume wangu. Mume wangu! Bado nikiandika hivyo natabasamu peke yangu. Nikaenda ufukweni, nikakuta maua ya hyacinth yamejaa bure, mazuri ajabu, nikajikatia shada zima. Awino kuniona, akashika mdomo.

"Mama, unaolewa na gugu mkononi?"

"Si ni mazuri?"

"Mazuri sana. Ndiyo hayohayo yaliyofunga ziwa mpaka boti ya baba mkwe wako ikakwama! Shem Odhis, hujachelewa. Kimbia!"

Odhis akasema hata ningebeba magugu yote ya ziwa zima, bado angenioa. Jamani, huyo mwanaume! Awino akalia palepale, makeup ikaharibika, na lawama akanipa mimi.

Sasa nifike kwa kile kinachonichoma.

Kuna watu wanataka kujaza udongo sehemu ya mafunjo yale wajenge hoteli. Awino na team yake wakaitwa waseme hatari ni ya kiwango gani. Yeye alisema ni ya juu kabisa. Boss wake akamwambia aseme ni ya wastani. "Awino, kwani si bado kuna kijani? Kila mtu anaona kijani."

Alikataa. Kwenye mkutano wa wananchi, boss akatangaza "wastani" bila aibu. Awino akasimama mbele ya wavuvi na akina mama wa samaki. "Hapana. Mimi ndiye niliyepima. Ni ya juu kabisa."

Contract yake haikuongezwa. Team ileile aliyoinunulia chai na mandazi kila asubuhi ikaacha kushika simu zake. Alipolazwa, hakuja hata mmoja.

Jumamosi walikuja Bondo wote, na T-shirt zenye sura yake! Boss akiwa mbele kabisa. Wakaleta shada la heshima. Lakini halikuwa la maua. Lilikuwa la mafunjo mabichi, yamefungwa utepe mweupe.

Mama yake Awino akayatazama. Akauliza polepole, "Haya mmeyakata wapi?"

"Palepale Dunga, Mama. Fresh kabisa. Tulijua aliyapenda."

Nikasimama. Odhis akanishika mkono, kwa sababu ananijua. Lakini Mama hakuhitaji mdomo wangu.

"Basi yasimkaribie mtoto wangu."

Shada likapelekwa kando ya hema.

Awino, ungeona! Boss akiwa katikati ya hotuba, anakuita nguzo ya team, mbuzi wa jirani akaingia akalitafuna lote pamoja na utepe. Nililia na kucheka kwa pamoja, na najua wewe ungeanguka chini.

Nyinyi wa team, najua mnasoma hapa na kuweka emoji za moyo. Sitaki mioyo yenu. Mkutano wa mwisho kuhusu hoteli bado haujafanyika. Kama mlimpenda Awino, simameni mseme alichosema yeye. Mkinyamaza, nitasimama mimi, msusi wa Form Four, bibi arusi mpya, mume wangu akiwa kando yangu. Nitawauliza swali moja tu la saluni: mnangoja kichwa kizima kiwe upara ndiyo mkubali kuna shida?

Nyar Bondo wangu, picha zikitoka utakuwa ndani yake, umenishika kiuno, wanja umeshuka hadi mashavuni. Nimemwambia photographer asifute kitu.

Pumzika sasa, mwili wako uliuma vya kutosha. Pale uliposimama mkutanoni, nitasimama mimi. Lala salama, best maid wangu.