Futi Kumi na Nane za Mringaringa

Nilirudi nyumbani kijijini Kilema kutoka Pasua, mjini, nikiwa na pengo mdomoni. Mume wangu alilitoa jino kwa ngumi, na safari hiyo sikungoja aniombe radhi. Nilichotaka ni chumba kimoja pembeni ya migomba, chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Mbao za kukijenga zilikuwa zimelala shambani: mti wa mringaringa ambao marehemu baba alisema tugawane watoto wake.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshauangusha, na kahawa ya chini yake ameing'oa, maana siku hizo wanunuzi binafsi walipita na bei za matusi. Nilimkuta anavuta futikamba juu ya gogo. Futi kumi na nane.

"Kumi na nane kwa mbili, tisa," alimwambia mdogo wetu wa kiume, akachora alama ya mkaa katikati.

"Kwa tatu," nikasema. "Sita."

"Watoto ni wawili. Wewe ulishaolewa."

"Nimeshatoka."

Akanizaba kibao. Nilimpokonya futikamba nikamtandika nayo usoni, ule utepe wa chuma ukamchana juu ya jicho. Kupigwa bure nilikuwa nimekuacha mjini. Nikaifuta alama yake kwa mate, nikapima futi sita kuanzia shinani, nikachora yangu. Hesabu niliijua: msumeno ukishapita kwenye sita, tisa mbili hazipatikani tena.

Nikaushika msumeno uliokuwa kando ya gogo. Lakini msumeno wa magogo una mipini miwili, na ukivutwa na mtu mmoja unapinda tu. Nilimtazama mdogo wetu, akarudi nyuma. Aliyekuja ni mama. Tangu asubuhi alikuwa ameketi kando akimenya ndizi, utadhani ugomvi ni wa majirani. Alikaza kanga kiunoni, akapiga magoti, akashika mpini wa pili.

Tukavuta. Kaka akaokota panga, akawa ananipiga mgongoni kwa ubapa. Kila pigo lilinikata pumzi. Nilimtukana matusi yote niliyojifunza Pasua, nikaendelea kuvuta, maana nikiachia mama atabaki peke yake na ule msumeno.

"Mwanangu, acha," mama alisema. "Ukimpiga tena, unanipiga mimi."

Kaka akalizungusha panga kumwelekea mama. Nadhani alikusudia ubapa, lakini lilipinda mkononi na makali yakamwingia mama begani.

"Mae!" mdogo wetu akapiga yowe, akimwita mama kwa lugha ya kwetu.

Damu ilishuka mkononi mwa mama mpaka kwenye mpini. Hakuachia. Tulivuta, mikono yake ikiteleza, mpaka kipande changu kikadondoka kwenye majani.

Mama akainuka, amelishika bega.

"Zimebaki futi ngapi?" alimwuliza mdogo wetu.

"Kumi na mbili, mama."

"Gawanya kwa moja."

Mdogo wetu alimtazama kama hakusikia. "Kwa mbili, mama. Sita, sita."

"Nimesema kwa moja. Ni ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Chukua zote."

Kaka alilitupa panga chini. Hakumtazama mama. Alinitazama mimi, niliyekuwa nimepigania mgawo sawa, akingoja niseme kwa mbili. Neno nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza. Nilifurahi, na mpaka leo nikikumbuka uso wake ule, nafurahi.